Bunduki ya Kale Mnadani: Jinsi ya Kusoma Kile Ambacho Muuzaji Hakukiandika

Nimekereza vyuma kwa zaidi ya miaka thelathini. Chuma kilichopitiwa na tupa nakitambua hata kwenye picha mbovu. Ni ugonjwa wa kazi, hauniachi. Ndiyo maana bado naona haya kusimulia jinsi nilivyonunua bunduki yangu ya kwanza kwenye mnada wa mtandaoni.

Tangazo lilisema: "Lee-Enfield halisi, muundo wa No.5 wa msituni, hali ya kupendeza." Picha zilikuwa sita, safi, zimepigwa kwa mwanga wa dirishani, na zote sita zilionyesha upande wa kulia. Nilikesha nikizitazama. Hata mara moja sikujiuliza upande wa kushoto umekwenda wapi.

No.5 Mk I ya kweli, karabini (bunduki fupi) ya jeshi la Uingereza kwa vita vya msituni, ilitengenezwa kuanzia 1944 hadi 1947, katika viwanda vya Fazakerley na BSA Shirley, na hangaiko zima la waliounda bunduki hiyo lilikuwa kupunguza uzito. Chuma kimechongwa ubavuni mwa mwili wa bunduki. Kimechongwa tena kwenye shina la mtutu, pale risasi inapokaa. Hata kirungu cha mkono wa bolti, lile komeo linalofunga nyuma ya risasi, kimetobolewa ndani. Ubavuni kushoto pameandikwa aina, kiwanda, mwezi na mwaka. Kilengeo cha nyuma kina vipimo vinavyoishia yadi 800. Yangu ilipofika ilikuwa na ubavu mnene, shina la mtutu lisiloguswa, na kilengeo cha yadi 1,300. Ilikuwa No.4 ya kawaida, ile ndefu, ambayo mtu aliikata mtutu, akaifupisha mbao, akaivisha ile koni ya mdomoni ya kuficha mwako. Kazi yenyewe haikuwa mbaya. Ningeombwa kuifanya mimi, labda ningeifanya vilevile.

Nilimwandikia muuzaji. Akanijibu kwa upole kwamba hakudanganya popote, nisome tena. Nikasoma tena. Neno "halisi" lilikuwa limekaa kando ya "Lee-Enfield", na ni kweli, ilikuwa Lee-Enfield halisi. Kando ya "No.5" lilikaa neno "muundo". Uongo wote nilikuwa nimejidanganya mwenyewe, yeye alinipangia tu maneno.

Tangu siku hiyo sisomi tangazo la mnada bila karatasi na kalamu. Nachora mstari katikati ya karatasi. Kushoto naandika alichosema muuzaji, neno kwa neno. Kulia naandika alichonifanya nidhani. Bunduki nzuri hujaza upande wa kushoto. Bunduki ya mashaka hujaza upande wa kulia. Nikiona upande wa kulia umezidi, nafunga ukurasa na kwenda kulala.

Maneno ya kuwekea alama

Matangazo mengi huandikwa kwa Kiingereza, na humo kuna maneno matatu madogo ya kuyaogopa: pattern, type na style. Yote matatu yana kazi moja, nayo ni kumwondolea muuzaji mzigo wa kuthibitisha. "Bunduki ya mdunguaji" ni dai. "Aina ya bunduki ya mdunguaji" si dai la kitu chochote. Hata bomba la maji ni aina ya mtutu.

Ndugu zake ni "inaaminika", "inasemekana", "huenda ilitumika" na "ya kipindi kile". Hili la mwisho ni janja kuliko yote. Mkanda wa ngozi "wa kipindi kile" unaweza kuwa wa kipindi kile kweli, na usiwe wa bunduki ile kamwe.

Halafu kuna maneno ya kupamba hali. "Imerejeshwa kitaalamu" maana yake mara nyingi ni kwamba mbao zimepigwa msasa mpaka mihuri ya wakaguzi imeyeyuka, na chuma kimepakwa rangi mpya ya bluu juu ya mashimo ya kutu. Kwa mkusanyaji hiyo ni hasara isiyorudi. "Inahitaji kusafishwa kidogo" ni kutu. "Haijajaribiwa" ni kwamba pengine alijaribu. "Mimi si mtaalamu, tafadhali tazama picha" linaweza kuwa neno la mtu mwaminifu aliyerithi vitu asivyovijua, au la mjanja anayejua kila kitu. Namna yangu ya kuwatofautisha si kamili, lakini hunisaidia: asiyejua hupiga picha nyingi mbaya, pamoja na za vitu visivyo na maana, kidole chake kikiwemo. Mjanja hupiga chache nzuri.

Usidanganywe pia na majina ya mapenzi. Kuna bastola za Kijerumani za Luger P08 zenye alama ya byf (msimbo wa kiwanda cha Mauser) na mwaka 41 au 42, zikiwa na vishikio vyeusi vya plastiki, ambazo huuzwa kwa jina la Black Widow. Jeshi la Ujerumani halikuwahi kuwa na bastola yenye jina hilo. Wafanyabiashara walilipachika baada ya vita, na jina likapandisha dau. Ndivyo ilivyo kwa ile bunduki ya Marekani, M1 Garand fupi, inayoitwa "ya wanajeshi wa vifaru". Zilikuwepo za majaribio, M1E5 na T26, lakini haikuingizwa rasmi jeshini. Nyingi unazoziona mnadani zilikatwa na wafanyabiashara baada ya vita, sawa kabisa na karabini yangu ya msituni.

Jina la mfano si mwaka wa kuzaliwa

Hapa ndipo watu wazima wenye akili zao huanguka. Tangazo likisema "Mosin-Nagant 1891", yaani bunduki ya Kirusi, au "Mauser ya Sweden m/96", ule mwaka ni wa kupitishwa kwa mfano, si wa kutengenezwa kwa bunduki. Kiwanda cha Husqvarna cha Sweden kilitengeneza m/96 katika miaka ya 1940. Kwa hiyo bunduki ya "1896" inaweza kuwa changa kuliko babu yako.

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Marekani, sheria ya bunduki ya 1968 huita silaha kuwa ya kale ikiwa imetengenezwa mwaka 1898 au kabla. Uingereza ina kanuni za 2021 zinazotazama kama imetengenezwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1939 na pia kama aina yake ya risasi au mfumo wake wa kulipua umo kwenye orodha ya vilivyopitwa na wakati. Ndiyo maana Mauser ya Sweden ya mwaka 1898, inayotumia risasi ya 6.5×55 ambayo bado inatengenezwa, inaweza kuwa kitu cha kale upande mmoja wa Atlantiki na silaha ya kuombewa leseni upande wa pili. Muuzaji anapoandika "ya kale, haihitaji kibali", anasema habari za kwake. Wewe kaulize mamlaka ya kwako, kwa maandishi, kabla ya kuweka dau na si baada ya sanduku kukamatwa bandarini.

Mwaka wenyewe utautafuta wapi? Inategemea. Martini-Henry ya jeshi la Uingereza huandikwa ubavuni kulia, chini ya taji. SMLE, ile Lee-Enfield ya kabla ya No.4, huandikwa kwenye shingo ya kitako, chini ya mkono wa bolti. Mosin zina fumbo zuri zaidi: juu ya mtutu kuna mwaka mmoja, na chini ya mkia wa mwili wa bunduki, mahali palipofunikwa na mbao, kunaweza kuwa na mwingine. Wafini walichukua miili ya zamani ya Kirusi na kuifunga mitutu mipya kutengeneza M39 zao, kwa hiyo bunduki yenye mtutu wa 1942 inaweza kuwa na mwili wa 1896. Muuzaji akidai mwili ni wa kale, mwombe picha ya mkia. Akisema hawezi kufungua skrubu mbili, basi hilo dai halina mwenyewe.

Kuna Mauser za dola ya Uthmaniya zenye mwaka uliochapwa kwa tarakimu za Kiarabu. Ukijua kuzisoma, umeshawatangulia wanunuzi wengi. Nimewahi kumwona muuzaji akitangaza ١٣١٢ kuwa namba ya bunduki! Lakini hata ukisoma 1312 usikimbilie kalenda ya Hijria, ambako ungepata 1894 au 1895. Serikali ya Uthmaniya ilitumia kalenda ya Rumi kwa mambo yake ya ofisi, na 1312 ya Rumi ilianza Machi 1896.

"Namba zote zinalingana"

Swali langu huwa moja: namba zipi, na zililinganishwa na nani?

Chukua Karabiner 98k ya Kijerumani. Kiwandani ilipewa namba kwenye mwili, mtutu na bolti, na vipande vingi vidogo vikapata tarakimu za mwisho za namba hiyohiyo. Ikibaki hivyo hadi leo, ni mali. Lakini Warusi waliteka bunduki hizi kwa wingi, wakazifungua, wakachovya vipande pamoja kwenye dawa ya kutia rangi, wakaziunganisha upya kwa vipande vyovyote vilivyokaa vizuri, kisha wakaandika namba ya mwili juu ya bolti kwa kalamu ya umeme au kwa mihuri yao. Namba zinalingana, ndiyo. Zililinganishwa ghalani.

Kwenye picha tazama mambo haya. Namba ya kiwandani imegongwa kwa nyundo na muhuri wa chuma: kingo zake zina kina, na chuma kandokando kimeinuka kidogo au kimesawazishwa na matumizi ya miaka. Ya kalamu ya umeme ni mstari wa vitone, mwembamba, kama mwandiko wa mtu mwenye haraka. Ukiona namba iliyokatwa kwa mstari na nyingine kando yake, hapo hakuna siri. Ukiona kibonde kidogo kisicho na namba, halafu namba safi katikati ya kibonde, mtu amefuta. Chuma hakirudi kilikotoka. Ukikikwangua unaacha shimo. Weka jicho lako kwenye mstari wa mwanga unaopita juu ya bolti: ukipinda pale penye namba, ondoka.

M48 ya Yugoslavia nayo huuzwa kila wiki kama Mauser ya Kijerumani ya vita. Ni bunduki nzuri, nyingi zikiwa hazijatumika sana, lakini ilitengenezwa baada ya vita, na mwili wake ni mfupi kidogo kiasi kwamba bolti yake haibadilishani na ya 98k. Hali ya kung'aa ndiyo inayopaswa kukushtua. Kuna 98k za kweli zilizopitia karakana za Yugoslavia, na hizo hubeba maandishi ya Preduzeće 44 (jina la kiwanda chao) na nembo ya nchi hiyo pale palipokuwa na alama za Kijerumani. Si bandia. Tatizo ni kuziita "hazijaguswa".

Kuhusu Mosin za wadunguaji, nitasema kwa ufupi kwa sababu hasira hunipanda. Darubini ya Kirusi ya PU na kishikio chake ni vitu vinavyouzwa peke yake, na bunduki za kawaida zilikuwa mamilioni. Mtu hutoboa matundu mawili makubwa na madogo kadhaa, huchomelea mkono wa bolti uliopinda, na anapata bunduki ya Stalingrad. Ya kweli hutarajiwa kuwa na namba ya darubini iliyochapwa upande wa kushoto wa shina la mtutu. Omba picha ya hapo. Omba na ya mkono wa bolti kwa karibu, uone kama umefuliwa ukiwa kipande kimoja au umelehemiwa.

Chapa husema tarehe, hata zikiwa za uongo

Hili ndilo eneo ninalolipenda, kwa sababu mghushi ni fundi mwenzangu na makosa yake nayaelewa.

Martini-Henry zilizofuliwa kwa mkono katika karakana za mpakani mwa Afghanistani, zile zinazoitwa za Khyber, mara nyingi huwa na herufi N iliyogeuzwa, taji lililopogoka kama kofia ya mlevi, na neno Enfield lenye herufi pungufu. Fundi alinakili umbo bila kujua kusoma. Njia ya mkato ni hii: Malkia Victoria alifariki Januari 1901. Herufi zake V.R. pamoja na mwaka 1905 haziwezi kukaa pamoja kwenye bunduki ya kiwanda cha serikali.

Na ukikutana na Martini-Henry "ya vita vya Wazulu", tazama mkono wa kufungulia chini. Vita vile, pamoja na Isandlwana ya tarehe 22 Januari 1879, vilipiganwa kwa Mk I na Mk II, yaani toleo la kwanza na la pili. Mk IV, yenye mkono mrefu, ilikuja miaka ya 1880. Nimeona Mk IV tatu zikiuzwa kwa jina la Isandlwana ndani ya mwezi mmoja, mojawapo ikiwa na mkuki umewekwa kando yake kwenye picha.

Magobori ya gumegume yana mtego wa neno Tower. Neno hilo na taji juu yake lilikuwa chapa ya serikali ya Uingereza, lakini watengenezaji wa bunduki za biashara walilichapa pia kwa sababu wateja wao walilipenda. Basi usiishie kwenye mtambo wa kulipulia. Tazama mtutu. Ukikuta duara la yai lenye herufi ELG na nyota, bunduki ilipimwa Liège, Ubelgiji. Likiwa na taji juu ya yai, ni ya mwaka 1893 au baadaye, na muuzaji anayekuambia ilikuwa kwenye vita vya Waterloo mwaka 1815 anakusimulia ngano. Uliza pia kama ilibadilishwa kuwa ya fataki kisha ikarudishwa gumegume. Tafuta tundu la zamani lililozibwa, mbao zenye rangi mbili kuuzunguka mtambo, na jogoo (nyundo ya mtambo) mwenye kona kali kuliko bamba analokaa.

Bastola za Colt za mfano wa 1851 na 1860 zimenakiliwa nchini Italia kwa miaka mingi, na nakala ni kazi nzuri. Kwa sheria ya Italia lazima zibebe chapa za nyumba ya upimaji, inayojaribu mitutu kabla haijauzwa: nyota yenye herufi PN kwa baruti nyeusi, na herufi mbili ndani ya kisanduku kwa ajili ya mwaka, AA ikiwa 1975. Mjanja huzifuta kwa tupa, huzika bastola kwenye ndoo ya kitu chenye tindikali, kisha huandika "imetolewa darini". Tazama chini ya mtutu, kando ya mdeki (fimbo ya kushindilia), na pembeni mwa silinda. Kutu ya kweli huanza pale mkono na jasho vilipogusa na pale maji yalipokaa. Kutu ya ndoo huenea sawasawa kila mahali, hata ndani ya skrubu. Na kitu kimoja zaidi: chapa iliyogongwa baada ya kutu kuingia huwa na chini safi kuliko kando yake.

Arisaka za Japani hubeba ua la krisanthemu lenye petali kumi na sita juu ya chemba, pale risasi inapokaa. Nyingi zilizosalimishwa mwaka 1945 zilikwanguliwa ua hilo, kwa hiyo yenye ua zima hupendwa zaidi, kwa hiyo kuna wanaoligonga upya. Ua la kiwandani limekaa juu ya chuma cha duara kamili. La kugongwa upya limekaa bondeni. Ni kibonde kilekile cha namba ya bolti.

Na kwa kuwa wenye lugha hii tuna haki nalo, niseme kidogo kuhusu neno askari. Wauzaji wa Ulaya wanalipenda. Kila Mauser 71 iliyochakaa inageuka kuwa "bunduki ya askari wa Schutztruppe", yaani jeshi la Wajerumani la makoloni. Ni kweli askari wengi wa Wajerumani Afrika Mashariki waliingia vita vya 1914 wakiwa na Mauser 71, ile iliyotoa moshi ikawafichua. Lakini Mauser 71 zilitengenezwa kwa wingi mno, zikasambaa duniani kote. Uchakavu si ushahidi wa Afrika. Mbao iliyopasuka imepasuka tu.

Hadithi

Barua ya familia, picha ya babu mwenye sare, kipande cha gazeti. Vyote vinaweza kuwa vya kweli na visihusike. Karatasi ya mwanajeshi wa Marekani ya kuruhusiwa kurudi na nyara vitani ina thamani ikiwa imeandika namba ya bunduki. Ikisema "bunduki moja", basi ni karatasi ya bunduki moja, haijulikani ipi.

Kagua mauzo mengine ya muuzaji huyohuyo. Nilimfuatilia mmoja ambaye babu yake, kwa mujibu wa matangazo yake, alipigana Stalingrad, Okinawa na El Alamein. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye minada ya bunduki, kibaya hupanda farasi na kupigiwa ngoma.

Maswali ya kutuma

Tuma kupitia mfumo wa ujumbe wa mnada wenyewe, siyo kwa simu, ili jibu libaki. Usiulize "hali ikoje?" kwa sababu utajibiwa "nzuri sana kwa umri wake". Uliza maswali yenye jibu la ndiyo au hapana, au yenye picha. Mimi hutuma hivi:

"Habari. Naomba picha ya ubavu wa kushoto wote, bila flashi. Naomba picha ya chapa zote za mtutu, pamoja na za chini ya mbao kama unaweza kufungua. Namba ya bolti ni ipi, na imegongwa au imeandikwa kwa kalamu? Kuna mahali popote palipolehemiwa, palipotobolewa au palipozibwa? Mtutu umepitishwa kitambaa kikavu kabla ya picha? Asante."

Swali la mwisho lina sababu. Mafuta ndani ya mtutu huziba vishimo vya kutu na kuifanya mifereji ya msokoto ing'ae kama kioo. Ukitaka ukweli, mtutu ukaushwe na upigwe picha kutoka pande mbili, mdomoni na chemba. Kwenye bunduki za Sweden kuna kibati cha shaba ubavuni mwa kitako kinachoeleza hali ya mtutu, na wauzaji hukitaja kama cheti. Kimefungwa kwa skrubu moja.

Akijibu kwa picha, hata mbaya, ongea naye. Akijibu "ziko wazi kwenye tangazo", zihesabu tena uone kama ziko wazi kweli. Kisha tafuta picha zile kwa injini ya kutafuta picha. Si mara moja wala mbili nimekuta bunduki ileile iliuzwa miaka ya nyuma kwa mtu mwingine, ikiwa na mbao nyingine.

Hifadhi ukurasa wote siku unapoweka dau, maelezo na picha. Soma masharti ya mnada kuhusu kurudisha, ada inayoongezwa juu ya dau lako, na maneno "kama kilivyo". Masharti hayo hushinda karibu kila sifa iliyoandikwa juu yake.

Jambo moja si la pesa. Usifyatue kitu ulichokinunua hivi mpaka fundi wa silaha mwenye leseni akikague. Springfield M1903 za Marekani zenye namba chini ya 800,000 kwa za kiwanda cha Springfield Armory, na chini ya 285,507 kwa za kiwanda cha Rock Island, zilipikwa chuma vibaya na baadhi zilipasuka. Kuna Arisaka za mafunzo za shuleni, zisizo na mifereji ndani ya mtutu, ambazo hazikukusudiwa risasi ya kweli kabisa. Kuna Lee-Enfield zenye herufi DP, za kufanyia gwaride. Hakuna lolote kati ya haya ambalo muuzaji atakuandikia kwa herufi kubwa.

Sanduku likifika

Piga video ukilifungua, bila kukata. Hakikisha kwanza kwamba chemba ni tupu, na ukiwa na gobori pima kwa mdeki: tia ndani mpaka mwisho, weka alama, kisha ulinganishe na urefu wa mtutu kwa nje. Nyingine zimeuzwa zikiwa bado zimeshindiliwa.

Halafu toa mbao, ikiwa muda wa kurudisha haujapita na masharti hayakatazi. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfuo wa skrubu, usije ukaacha wewe alama ya kumsingizia muuzaji. Waliofuta, waliopaka na waliochoma kwa tindikali mara nyingi huishia pale jicho la mnunuzi linapoishia. Chini ya mbao nimekuta namba za asili, tundu la skrubu lisilo na kazi, na mara moja jina la fundi na tarehe ya siku aliyoibadilisha bunduki, ameliandika vizuri kwa mkono.

Ile No.4 iliyokatwa ninayo bado karakanani. Muda wa kurudisha ulikuwa umepita siku mbili nilipoifungua. Wakija wanaotaka kununua No.5 naiweka mezani, ubavu wa kulia ukiwatazama, na kusubiri nione nani atakayeigeuza.